Thadi pati au bima kubwa kwa gari la Kampala?

Thadi pati, yaani bima ya mtu wa tatu, ni lazima kisheria na bei yake ni ndogo. Inalipia mtu uliyemuumiza au kumuua tu. Ukiponda taa ya mwenzako Jinja Road, hiyo ni juu yako.

Bima kubwa, inayolipia hata gari lako, hutozwa kwa asilimia ya thamani ya gari: tuseme 4% ya shilingi milioni 30, yaani 1,200,000. Vipuri vikipanda na dola, au ukidai mara kwa mara, asilimia hupanda. Wengi hupunguza thamani ili walipe kidogo. Kosa kubwa! Andikisha milioni 20 badala ya 30, upate hasara ya milioni 6: utalipwa milioni 4, kwa kuwa ulikatia theluthi mbili tu ya thamani, tena kabla ya kukatwa sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Gari kuukuu? Thadi pati yatosha.