Uzoefu wangu na kadi ya CHF iliyoboreshwa Dodoma: ilipotubeba na ilipoishia

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda jirani na Soko la Majengo hapa Dodoma mjini. Mume wangu anaendesha bajaji ya mtu: kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenye chombo, kinachobaki ndicho chetu. Nyumbani tuko sita, sisi wawili, watoto wetu watatu na mtoto wa marehemu wifi yangu ambaye tunamlea. Hatulali njaa. Kodi ya nyumba inalipwa, ada inalipwa kwa awamu. Kwa hiyo TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, haituhusu, na mshahara wa kukatwa mwisho wa mwezi hatuna. Naandika kwa ajili ya walio kama sisi, kwa sababu kila nikiuliza habari za bima ya afya, anayenijibu ni mtumishi wa serikali au mtu mwenye fedha zake.

Kadi tuliyoitumia ni ya CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, kuanzia 2020 hadi 2024. Bei nitakazozitaja ni za miaka hiyo. Kabla hujatoa hela kaulize kwanza ofisi ya mtaa wako, maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge hapa hapa Dodoma Novemba 2023, inabadilisha mpangilio mzima.

Tulilipa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Wenzetu wa Dar es Salaam kadi hiyo hiyo ilikuwa 150,000. Mfuko wa Afya ya Jamii wenyewe ni wa zamani, ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, na wengi wanaukumbuka ule wa kwanza ambao ukijiandikisha zahanati ya kwenu basi umefungwa pale pale. Huu ulioboreshwa, uliosambazwa nchi nzima kuanzia 2018, ulianzia zahanati, ukapanda kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hadi hospitali ya rufaa ya mkoa ukiwa na barua ya rufaa. Kwa Dodoma maana yake ilikuwa mpaka pale General.

Kujiandikisha ni rahisi kuliko nilivyotegemea. Afisa mwandikishaji alikuja kibandani na simu yake, akatupiga picha mmoja mmoja, watoto wakiwa bado na sare za shule, akatupa kontroli namba, tukalipa kwa simu. Hapo sina la kusema, walifanya vizuri.

Faida yake kubwa sikuisoma kwenye kipeperushi chochote. Niliiona usiku mmoja mtoto wetu wa pili, wakati huo ana miaka saba, alipoamka anahema haraka, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Zamani, kabla ya kadi, homa ya mtoto ilikuwa na utaratibu wake: panadol kwanza, halafu tuone kesho, halafu duka la dawa na vidonge vya kukadiria, na hospitali ni pale mtoto akishalegea. Si kwamba hatukumpenda. Aliyeshazoea kuhesabu hela ya kumwona daktari, hela ya vipimo, hela ya dawa na hela ya usafiri anajua mtu anavyobaki ukingoni mwa kitanda anajipa moyo kwamba joto limepungua. Usiku ule hatukuhesabu chochote. Tulipanda bajaji, tukafika kituo cha afya, nesi akamwangalia mtoto kabla hata ya kuangalia kadi, akaita daktari. Ilikuwa nimonia. Akalazwa, akachomwa sindano, tukarudi nyumbani naye mzima. Daktari aliniambia, "Mama, umewahi." Kuwahi kule kulitokana na ile 30,000, na kwa jambo hilo peke yake sijutii shilingi hata moja niliyoilipa miaka yote.

Kwa hiyo kwa malaria, U.T.I., kuhara, vidonda, homa za watoto, kulazwa siku chache, kadi hii ilifanya kazi. Mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano tayari wana msamaha kwa sera ya afya, hivyo uzito wake hasa ulikuwa kwa watoto waliovuka miaka mitano na kwa sisi wazazi wao, kundi ambalo halina msamaha wowote.

Tatizo lipo dirisha la dawa. Kuna kituo kimoja (sitakitaja, wahudumu wake ni watu wazuri) ambapo nilishazoea kuona karatasi yangu inarudishwa imezungushiwa kalamu nyekundu kwenye dawa mbili kati ya tatu. "Dada, hizi kanunue nje." Nje ni duka la dawa mita chache kutoka getini, na pale kadi haiongei. Amoksilini ya maji unainunua, dawa ya minyoo unainunua, ukija kupiga hesabu umetoa karibu sawa na asiye na bima. Jambo hili linaniuma zaidi kwa sababu Dodoma ndiko ulikoanzia mfumo wa Jazia, mwaka 2014, kituo kikikosa dawa Bohari ya Dawa kinaagiza kwa mshitiri mmoja aliyeteuliwa na mkoa. Mfumo huo ulizaliwa kwetu kabla haujaenda nchi nzima. Baadaye kabla sijapanga foleni nikawa nauliza kwa adabu: dawa za Jazia zimeshafika? Mara nyingine niliambiwa ukweli, nikaenda kituo kingine mapema, maana kadi iliruhusu. Fanyeni hivyo.

Sasa nije kwa mama yangu mzazi, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa kadi hii ni ya kiasi gani.

Mama yuko Hombolo, analima alizeti na karanga. Ana presha. Wakati huo alikuwa na miaka 57, hajafikia 60 ambayo wazee wasiojiweza wanatibiwa bure. Tulimkatia kadi ya kaya yake, na vidonge vya presha alikuwa anavipata zahanati, mwezi vipo, mwezi havipo. Kisha miguu ikaanza kuvimba, akipanda kilima kidogo cha kwenda kisimani anapumzika katikati. Akapewa rufaa, akafika mjini, na daktari akasema anahitaji kipimo cha moyo na mtaalamu wa moyo. Mtaalamu yupo ngazi ya juu ya mkoa. Jengo unaliona ukipita upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), Hospitali ya Benjamin Mkapa, hospitali iliyoanza kupandikiza figo mwaka 2018, watu wanatoka mikoa mingine kuifuata. Kwetu ni safari ya bajaji. Lakini CHF iliishia ngazi ya mkoa, kwa hiyo kwa upande wa bima mama yangu alikuwa mbali nayo sawa na mtu wa Kigoma. Hospitali haina kosa hapo, masharti ya kadi ndivyo yalivyokuwa. Tulilipa taslimu. Nilikopa kikoba, mume wangu akaomba kwa mwenye bajaji, kaka akauza mbuzi. Mama anaendelea na dawa, anatembea, namshukuru Mungu.

Katika wiki zile nilikuwa nakaa benchi moja na jirani yangu ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Naye alikuwa amemleta mama yake, ugonjwa wa aina ile ile. Yeye alitoa kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, akasaini, wakaingia. Nilimuuliza unakatwa shilingi ngapi, hakujua. Hakujua! Tukapiga hesabu pale pale. Mchango wa mtumishi ni asilimia 6 ya mshahara, yeye anatoa 3 na mwajiri anatoa 3. Kwa kima cha chini cha mshahara wa serikali wakati huo, 370,000 kuanzia Julai 2022, asilimia 3 ni 11,100 kwa mwezi, yaani 133,200 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake. Kwa mchango huo anaingia yeye, mwenza wake na wategemezi wanne, wazazi wakiwemo, na kadi inapanda mpaka Mkapa, mpaka Muhimbili.

Mimi nilipoulizia vifurushi vya NHIF vya watu binafsi, vile vilivyotangazwa Novemba 2019, Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya, bei ya chini kabisa ilianzia 192,000 kwa mwaka, kwa mtu mmoja wa miaka 18 hadi 35. Mtu mmoja. Nikageukia Toto Afya Kadi, 50,400 kwa mtoto, watoto watatu ni 151,200. Nilikuwa naikusanya polepole. Mwaka 2023 utaratibu ukabadilishwa, mtoto asiandikishwe tena peke yake, aingie kupitia shule au kifurushi cha familia. Sababu iliyotolewa ni kwamba wengi waliandikishwa wakiwa tayari wanaumwa, na gharama ikapita michango. Nimeielewa sababu hiyo, na naikubali kwa dhati, kwa maana hata kikoba chetu kingekufa kama kila anayeingia anaingia siku ya kukopa. Ila mzazi aliyekuwa na watoto wasioumwa na anadunduliza naye aliachwa pale pale.

Kuna pia wakala wa kampuni binafsi aliyenifuata kibandani na karatasi nzuri za rangi. Bei ya familia ilipita milioni. Tuliagana vizuri.

Nimefikiri sana kwa nini mwalimu hajui anakatwa ngapi na mimi naijua kila shilingi. Kipato chetu kwa mwaka hakijaachana sana. Tofauti ni kwamba yake inatoka kidogo kidogo kabla hajaishika, yangu nadaiwa yote kwa mkupuo, siku moja. Fundi cherehani ana pesa kuanzia Novemba mpaka shule zinapofunguliwa Januari, kwa ajili ya sare, na tena karibu na Idi. Machi ukinikuta nina 30,000 mkononi, ujue ni ya mteja aliyeacha oda. Mama yangu naye ana hela Juni na Julai alizeti ikishauzwa. Februari, mvua ikiwa shambani na ghala tupu, hata 5,000 anaiwaza. Kadi ikiisha muda Februari haihuishwi mpaka mavuno, na hiyo ndiyo miezi ya malaria.

Kikundi chetu cha kikoba tumelifanyia kazi jambo hili wenyewe. Juu ya hisa na mfuko wa jamii, kila mwanachama aliongeza 700 kwa wiki ya bima. Ndani ya wiki 43 inafika 30,100. Desemba mweka hazina analipia kadi zote kwa pamoja, mwenye upungufu anakopeshwa na kikundi na kurejesha Januari. Tangu tuanze hakuna mwanachama aliyekaa bila kadi kwa kukosa hela. Mama nimemhamishia malipo yake Julai, na kaka ndiye anayesimamia siku ya kuuza alizeti, kabla fedha haijaingia kwenye mambo mengine.

Muswada wa bima kwa wote ulipojadiliwa mwaka 2022, kiasi kilichotajwa kilikuwa 340,000 kwa kaya ya watu sita. Nakumbuka kelele zilizopigwa sokoni siku ile. Niligawa kwa wiki 52, nikapata kama 6,500. Nyumba yangu inaweza kuitafuta 6,500 ya wiki, kwa kubana, kwa kadi ya kumfikisha mtu kwa daktari wa moyo. 340,000 ya siku moja haiwezi, na mwakani haitaweza. Kwa hiyo wanaopanga bei, nawaomba wapange na namna ya kulipa: kwa wiki, kwa simu, kidogo kidogo kama tunavyonunua umeme wa LUKU. Mwenye bajaji alipe kama anavyotoa hesabu. Mkulima wa Bahi na Chamwino alipe anapovuna.

Kama unaniuliza CHF kwa bei ile ilifaa, nasema ilifaa, hasa kwa nyumba yenye watoto wa shule. Ukiwa na mgonjwa wa moyo, figo, sukari iliyopanda daraja au saratani, usiitegemee kadi ya namna ile peke yake. Anza kuweka akiba ya rufaa leo. Mueleze afisa mwandikishaji akuandikie ngazi ya mwisho ambayo kadi inafika, na muulize kituo kipi jirani kina dawa kwa uhakika.

Kikobani tumepandisha mchango wa bima kutoka 700 hadi 3,000 kwa wiki, kwa sababu tumeona bei zinakoelekea. Wanachama wawili walisema hawaimudu. Tumekubaliana walipe 1,500 mpaka msimu wa sare.