Dakika 35 Juu ya Maji: Uzoefu Wangu wa Hovakrafti ya Dover na Calais

Mtu akitoka London kwenda Paris siku hizi hupita chini ya bahari kwa treni, na bahari yenyewe haioni. Mimi niliivuka bahari hiyo kwa hovakrafti, chombo kinachoelea juu ya mto wa hewa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya themanini hadi miaka ya tisini, na katika vyombo vyote vya abiria nilivyopanda maishani, vya majini, vya angani na vya barabarani, hicho ndicho ninachokikumbuka kwa mapenzi zaidi. Safari zake zilikoma zamani, lakini nimeona niandike, kwa kuwa watu wengi wakisikia jina hilo hawajui kama ni boti au ni ndege, na kwa kuwa Uingereza bado ipo njia moja ambako safari ya aina ile inakatiwa tiketi.

Nilikuwa nasoma London na shangazi yangu alikuwa akiishi Paris. Sisi ni Waunguja wenye asili ya Ngazija, na familia kama zetu hazikosi jamaa Ufaransa, kwa hiyo Idi, harusi na hitima zote zilinivusha. Ndege ilikuwa ghali kwa mwanafunzi. Feri ya kawaida kati ya Dover, Uingereza, na Calais, Ufaransa, ilichukua zaidi ya saa moja, mara nyingine saa moja na nusu, mbali na muda wa kupanga magari ndani na kuyatoa. Hovakrafti ilichukua kama dakika 35. Palikuwa na basi la London hadi Paris lililovuka kwa hovakrafti, nauli yake ilikuwa ndani ya uwezo wangu, na tangu nilipolipanda mara ya kwanza sikutaka njia nyingine.

Naanza na kituo, kwa sababu raha ilianzia pale. Kituo cha Dover, kilichofunguliwa mwaka 1978 upande wa magharibi wa bandari, hakikuwa na gati. Kilikuwa uwanja mpana wa zege unaoteremka polepole mpaka majini. Unakaa kwenye ukumbi, unatazama bahari, huoni chochote, kisha kwa mbali linatokea wingu jeupe la maji linalokuja kasi. Ndani ya wingu hilo unaanza kuona mapezi mawili marefu ya nyuma, halafu nguzo nne juu ya paa, kila nguzo na rafadha yake. Kishindo kinafika kabla ya chombo. Unasubiri kipunguze mwendo kama meli inavyofanya ikikaribia nchi kavu, lakini hakisimami ukingoni. Kinapanda. Kinatoka majini, kinapita juu ya zege na kuja mpaka mbele ya jengo, magari na abiria wote wakiwa ndani, na hapo kinageuka taratibu mahali pake.

Kisha injini zinapunguzwa nguvu. Sketi nyeusi ya mpira inayozunguka chombo chote, ambayo muda wote ilikuwa imetuna kwa hewa, inaanza kulegea. Chombo cha tani 300 kinashuka mbele ya macho yako, kinakaa chini, na maji yanachuruzika kutoka kwenye mikunjo ya sketi. Mlango wa mbele unafunguka na magari yanaanza kutoka. Muda mfupi baadaye mnaitwa ninyi.

Mtu aliyekulia pwani ataelewa kwa nini jambo hilo lilinigusa. Kwetu ratiba ya bahari inapangwa na maji. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, ngalawa zinalala upande kwenye mchanga, na anayetaka kushuka anatembea kwenye tope mpaka magotini, mzigo kichwani. Unasubiri yajae, hakuna la kufanya. Sasa hapa kilikuwa chombo kisichojali kupwa wala kujaa. Maji, tope, mchanga, zege, vyote kwake ni njia, kwa sababu hakivigusi hasa. Kinaelea juu ya mto wa hewa.

Aliyeifikiria kanuni hiyo ni mhandisi Mwingereza, Christopher Cockerell. Katikati ya miaka ya hamsini alichukua makopo mawili, moja ndani ya jingine, akapitisha hewa kwenye nafasi iliyobaki kati yao, na chini akaweka mizani ya jikoni ili apime msukumo. Akaona kwamba hewa inayotoka kwa duara jembamba inasukuma kwa nguvu zaidi kuliko hewa hiyo hiyo ikitoka kwenye bomba la kawaida. Chombo cha kwanza cha kubeba watu, SR.N1, kilitengenezwa na kampuni ya Saunders-Roe huko Cowes, kisiwani Wight, na tarehe 25 Julai 1959 kikavuka kutoka Calais hadi Dover. Tarehe hiyo ilikuwa inatimia miaka 50 tangu Louis Blériot avuke mahali hapo hapo kwa ndege. SR.N1 ilitumia kama saa mbili. Miaka tisa tu baadaye, Agosti 1968, hovakrafti kubwa ya kwanza ya aina ya SR.N4, *Princess Margaret*, ikaanza kubeba abiria na magari kati ya Dover na Boulogne, bandari nyingine ya Ufaransa. Kutoka makopo ya jikoni mpaka chombo cha magari 30 katika muda ule! Mpaka leo nikiwaza hivyo nastaajabu.

Zile nilizopanda mimi ni *Princess Margaret* na pacha wake *Princess Anne*, baada ya kukatwa katikati na kurefushwa mpaka mita 56. Zilibeba abiria 418 na magari karibu 60. Injini zilikuwa nne za Proteus, za aina ya zile za ndege, na kila moja ilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja: ilizungusha feni kubwa ya kujaza hewa chini, na ilizungusha rafadha ya juu ya kusukuma mbele. Rafadha hizo zilikuwa na kipenyo cha zaidi ya mita 6, na nguzo zake ziligeuka kushoto na kulia ili kukiongoza chombo. Bahari ikitulia, mwendo ulipita kilomita 100 kwa saa. Septemba 1995 *Princess Anne* ilivuka kwa dakika 22, na hakuna chombo cha abiria kilichowahi kuipita kwenye njia ile.

Ndani, magari yalikaa katikati na abiria pembeni, kwenye vyumba virefu vyenye viti kama vya ndege. Wahudumu walivaa sare za aina ya ndege, na chumba cha nahodha kilikuwa juu ya paa. Unafunga mkanda. Injini zinaanza kwa mluzi mwembamba, mluzi unageuka ngurumo, na harufu ya mafuta ya ndege inaingia kidogo. Halafu dirisha linapanda. Watu waliosimama nje, ambao mlikuwa mkitazamana macho kwa macho, sasa unawaona kwa juu. Chombo kinateleza kwenye mteremko, kinagusa maji, na dirisha lote linakuwa jeupe.

Hapo lazima niseme kweli, kwa sababu picha za matangazo hazikuonyesha haya. Mandhari ya baharini ulikuwa huyapati sana. Maji yaliyorushwa na hewa ya chini yaligonga vioo karibu njia nzima, na ulichoona ni vipande vya bahari kati ya wimbi moja la ukungu na jingine. Kelele ilikuwa kubwa. Ukitaka kuzungumza na jirani unamsogelea sikioni. Na mtikisiko wake ulikuwa wa namna yake. Meli inayumba, inakupandisha na kukushusha polepole, na roho inachafuka polepole vile vile. Hovakrafti ilidunda, mapigo mafupi ya haraka, kama gari dogo kwenye barabara ya vumbi yenye matuta. Wengine hawakuweza kabisa. Mimi ilinifaa kuliko meli, kwa kuwa mwili haukupata nafasi ya kungoja wimbi linalofuata.

Kazi iliyonivutia kuliko zote ilikuwa ya wahudumu. Katika nusu saa ile walipaswa kuuza sigara, pombe na manukato yasiyotozwa ushuru kwa abiria mamia, pesa za nchi mbili, chenji mkononi. Namkumbuka mama mmoja, mtu mzima, aliyepita kwenye njia nyembamba na mifuko miwili ya manukato kila mkono, hakushika kiti wala ukuta. Magoti aliyalegeza kidogo, miguu ameitanua, na kila pigo la wimbi lilimalizikia magotini pake. Kiwiliwili hakikutikisika. Alinipa manukato ya shangazi, akanihesabia chenji ya faranga sarafu kwa sarafu kwenye kiganja changu kilichokuwa kinatetemeka na chombo, na hakuna iliyoanguka. Ulikuwa ustadi ambao naamini umepotea pamoja na chombo chenyewe.

Na ghafla mtikisiko unakoma. Ukungu unashuka kwenye vioo, unaona mchanga, unaona zege, mnashuka chini taratibu, na nje ni Ufaransa. Waliopitia Boulogne walikuta stesheni ya treni pale pale kwenye kituo cha hovakrafti, na reli ikawachukua mpaka Paris.

Hatari zake zilikuwepo na si haki kuzificha. Upepo wa ubavuni ulikuwa adui mkubwa, kwa sababu chombo kisichogusa maji hakina cha kukishikilia. Tarehe 30 Machi 1985, kabla sijafika Uingereza, *Princess Margaret* ilisukumwa na upepo na bahari, ikagonga ukuta wa bandari ya Dover, na watu wanne wakapoteza maisha. Mawimbi yakipita kiasi safari zilifutwa, na abiria wakahamishiwa kwenye meli. Anayesafiri majira ya baridi alijua hivyo kabla ya kukata tiketi.

Nasikia watu wakisema hovakrafti ilikufa kwa sababu ilikuwa mchezo tu, kitu cha maonyesho. Nalipinga hilo kwa nguvu zote. Njia kubwa ya Mlango-Bahari, yaani bahari hiyo kati ya Uingereza na Ufaransa, ilifanya kazi miaka 32, ikibeba mamilioni ya watu. Kilichoimaliza ni gharama. Injini zile zilikunywa mafuta kupita kiasi, na vidole vya mpira vya chini ya sketi vililika haraka kwa kusuguana na maji na zege, ikabidi vibadilishwe mara kwa mara. Mwaka 1994 handaki la chini ya bahari likafunguliwa, na treni ya magari ikavuka kwa dakika 35 zile zile, iwe tufani au shwari. Mwaka 1999 biashara ya bidhaa zisizotozwa ushuru ikakomeshwa kati ya nchi za Umoja wa Ulaya, na pato kubwa likaondoka nayo. Katamarani, boti za miili miwili zinazokula mafuta kidogo, zikachukua nafasi. Safari ya mwisho ilikuwa tarehe 1 Oktoba 2000.

Nimepita kwenye handaki. Halina kosa. Linafika kwa wakati, halitikisiki, na gari unakaa ndani yake ukisoma gazeti. Lakini ukitoka upande wa pili hujasafiri baharini. Dakika ni zile zile, na mimi kwenye hovakrafti nilizitumia nikiwa juu ya bahari, nikiisikia chini ya miguu. Ningepewa kuchagua leo kwa nauli ile ile, nisingefikiri mara mbili.

*Princess Margaret* ilivunjwavunjwa mwaka 2018. *Princess Anne* iko kwenye jumba la makumbusho ya hovakrafti huko Lee-on-the-Solent, kusini mwa Uingereza. Nimekwenda kuiona. Imekaa chini kwenye zege, rafadha zimetulia, na unaweza kuingia mpaka kwenye sehemu ya magari. Nenda wakati bado ipo, maana kutunza chombo kikubwa hivyo karibu na hewa ya chumvi ni kazi isiyoisha.

Kisha nenda Southsea, si mbali na hapo. Kampuni ya Hovertravel imekuwa ikivusha abiria tangu 1965 kutoka pale hadi Ryde, kisiwani Wight. Ni hovakrafti ndogo, abiria kama 80 bila magari, injini za dizeli, na safari ni kama dakika 10. Ukubwa wa SR.N4 hauna, na ngurumo ile haipo. Lakini kunyanyuka kupo, kuteleza kuingia majini kupo, na sababu ya kuwepo kwake ni ile ile. Ufukwe wa Ryde ni tambarare, na maji yakipwa yanakwenda mbali sana. Ndiyo maana watu wa zamani walijenga gati lililoanza kazi mwaka 1814, refu karibu mita 700, ili meli ziweze kufika. Boti bado zinashusha watu mwisho wa gati hilo. Hovakrafti inapita juu ya mchanga mtupu na kukushusha ukingoni mwa mji, maji yawe yamejaa au yamepwa.

Ushauri wangu kwa anayekwenda: angalia upepo asubuhi kabla ya kutoka, kwa kuwa upepo mkali bado unaifuta. Panga ufike maji yakiwa yamepwa, ndipo utakapoelewa chombo hiki kilitengenezwa kwa ajili ya nini. Kaa dirishani, mbele. Na ukishuka Ryde usiondoke mara moja. Simama nyuma ya ukuta wa ufukwe usubiri ianze kurudi. Utarushiwa maji na mchanga kidogo, kwa hiyo vaa koti, lakini sijui mahali pengine ambapo mtu anaweza kusimama karibu vile na kuiona sketi ikijaa hewa.