TAHADHARI: Stika inasema kVA 12, injini inasema tano

Ndugu zangu, habari za leo. Kama unajipanga kununua jenereta kubwa ya nyumbani, hasa hizi zinazotangazwa kwamba zinatumia petroli, gesi ya mtungi na gesi asilia, usitume hela kabla hujasoma hapa. Mimi nimeshapigwa. Milioni 3 na laki 9 zimekwenda, na siku ile nilimshukuru aliyenipiga, nikamwachia na hela ya soda.

Tunakaa Goba, nyumba ya familia. Kuna mama yangu, mdogo wangu, mimi na wanangu wawili. Tuna friji, friza mbili za samaki ninaouza, na pampu ya kisima ya HP 1.5. Ule mgao wa mwaka 2023 uliniozeshea samaki mara mbili, nikaapa sitarudia. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ulipowashwa Februari 2024 na mambo yakatulia, nami nikatulia. Lakini transfoma ya mtaani kwetu haina habari na bwawa. Mvua ikipiga inalala, na friza haiulizi kama huu ni mgao au ni transfoma.

Basi nikaona tangazo. "Jenereta ya mafuta matatu, kVA 12, inabeba nyumba nzima na AC mbili, ofa ya wiki hii tu." Hiyo kVA ndiyo kipimo cha nguvu ya jenereta. Kwenye video mashine inawashwa nje ya nyumba yenye theluji mlangoni. Theluji! Nikaona ubora, sikuona kwamba video ni ya watu wengine.

Nikaenda dukani Kariakoo. Jina na mtaa sivitaji kwa sasa, malalamiko yako mezani na sitaki kumpa upenyo wa kunigeuzia kibao. Kijana alinipokea kwa heshima zote: "Shikamoo mama, karibu mama, mleteeni mama kiti." Mashine ni ya njano, ina magurudumu, ina kioo kidogo kinachosoma volti, na stika kubwa ubavuni. Ina swichi yenye vituo vitatu, kila kituo kina picha yake ya mafuta. Akazungusha ufunguo, ikanguruma. Akachomeka taa ya LED na feni ya mezani. Feni ikazunguka, nikasema alhamdulillah.

Sasa piga hesabu. Feni ya mezani na taa ya LED havifiki wati 100. Kajenereta kale ka kinyozi, kanakobebwa kwa mkono mmoja, kangevibeba vyote viwili na simu kumi juu yake. Mimi nilikuwa nimeonyeshwa kwamba mashine inawaka. Kwamba inabeba, sikuonyeshwa.

Hela nililipa kwa lipa namba, na jina lililotokea ni la mtu, si la duka. Risiti ya EFD "mtandao unasumbua mama, nitakutumia WhatsApp." Hadi leo WhatsApp haijaleta kitu. Nilichonacho ni karatasi ya mkono: "Jenereta 1, 3,900,000." Basi. Hakuna modeli, hakuna cc, yaani ukubwa wa injini, hakuna kilowati, hakuna namba ya injini. Chini kuna muhuri wa bidhaa iliyouzwa kutorudishwa. Karatasi hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko mashine yenyewe, nitaeleza.

Siku ya kwanza umeme ulipokatika tukaiwasha. Taa sawa, friji sawa, friza ya kwanza sawa. Friza ya pili ilipotaka kuanza, taa zikafifia kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Pampu ndiyo kabisa, iliguna tu na swichi ikaruka. Nikapiga simu dukani. "Mama, mashine mpya lazima izoee kwanza. Ipe saa ishirini bila mzigo mzito."

Mjue uongo wao huchanganywa na ukweli. Ni kweli injini mpya hulelewa saa za mwanzo, na oili ya kwanza humwagwa baada ya saa 20 hivi. Ila kulelewa hakuifanyi injini ndogo ikue ikawa kubwa, haya si mahindi. Nia yake ilikuwa nipitishe zile siku saba alizoniahidi za kubadilishiwa. Zikapita.

Wiki ya pili nikamwita fundi, mzee wa mtaani kwetu, wote tunamwita Babu. Stika hata hakuitazama. Alichuchumaa, akafuta vumbi kwenye chuma cha injini kwa kitambaa, akawasha tochi ya simu, akaniambia, "Mwanangu, soma hapa." Imechongwa 188F.

Hapa ndipo nawaomba mtulie, maana hiki ndicho kilichonifanya niandike. Injini nyingi za Kichina za silinda moja zinazofungwa kwenye jenereta hizi huwa na namba ya aina hiyo. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, na mbili zinazofuata ni upana wa silinda kwa milimita. 188F ni silinda moja ya milimita 88, na ukiiona hiyo ujue ni cc 389. 170F ni cc 212. 190F ni cc 420. Stika hubandikwa kwa dakika moja, lakini namba iliyochongwa kwenye chuma si rahisi kuibadilisha bila kuacha kovu.

Na cc 389 inatoa nini? Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo jenereta hizi zinazunguka mara 3,000 kwa dakika. Kwa mwendo huo injini ya cc 389 inakupa kilowati 5 hivi za kudumu. Honda wenyewe, ambao GX390 yao ni cc hizohizo 389, wanaifunga kwenye jenereta za kilowati 5. Sasa kVA 12 ya stika yangu, ukizidisha kwa 0.8 kama mafundi wanavyofanya, ni kilowati 9.6. Nusu ya nguvu niliyolipia haikuwemo ndani ya ile mashine, na isingewezekana iwemo.

Babu hakuridhika na namba. Akatuma watoto wakaazime pasi kwa majirani. Zikaja sita, kila moja ya wati 1,200, zikapangwa barazani kama tuna harusi ya kupiga nguo. Akashika mita yake. Pasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, volti zinashuka kidogo kidogo lakini mashine inavumilia. Ya nne, volti 192 na injini inalia. Ya tano ikazima. Hiyo ni petroli.

Tukahamia gesi. Akaniambia kabla hajawasha kwamba kwenye gesi ya mtungi nguvu hupungua kidogo, kama sehemu moja ya kumi, hilo ni la kawaida hata kwa mashine ya kweli, na muuzaji mkweli anakuandikia nguvu ya kila mafuta kando. Yangu ilizima kwenye pasi ya tatu. Kisa? Regyuleta niliyopewa ni ya jiko. Ya jiko hupitisha kilo moja na nusu hivi ya gesi kwa saa, wakati kilowati 5 zinataka karibu kilo mbili. Injini ikawa inapanda na kushuka kama mtu mwenye pumu, na mtungi wa kilo 15 ukatoka jasho kisha ukawa baridi kama soda, kwa sababu gesi inatolewa haraka kuliko mtungi unavyoweza kuichemsha. Hata mambo yangekwenda sawa, kwa mzigo wa kilowati 5 mtungi huo ni saa saba au nane tu. Aliyeniambia "mtungi mmoja siku tatu" alikuwa anapikia chai.

Na mafuta ya tatu, gesi asilia? Babu alifungua kava. Kile kituo cha tatu cha swichi hakiendi popote. Kuna tundu la kuchomeka mpira, limepakwa rangi vizuri, nyuma yake hakuna bomba. Ni pambo. Isitoshe, gesi asilia kufika nyumbani kwako kwa bomba ni bahati ya nyumba chache, kama zile za Mikocheni na huko Mtwara na Lindi. Na hata ukiwa nayo, gesi asilia inahitaji kupita kwa ujazo wa mara mbili na nusu hivi kuliko ya mtungi kutoa joto lilelile, kwa hiyo tundu na regyuleta yake ni nyingine kabisa. Anayekwambia "unageuza swichi tu" mwombe akuonyeshe bomba lilipo.

Tukabandua stika kwa kitambaa na mafuta ya taa. Chini yake kulikuwa na stika nyingine, ndogo: kVA 5.5. Yaani mashine haikuwa mbovu. Ilikuwa mashine halali ya bei ya kawaida, ikabatizwa jina jipya. Tuliipima hata kwa mizani ya wauza vyuma chakavu. Stika ilisema kilo 98, mizani ikasema 71. Babu akakwangua waya wa altaneta, ile sehemu inayozalisha umeme, chini ya rangi nyekundu ukang'aa mweupe. Aluminiamu, si kopa.

Lakini kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonitoa machozi ya hasira. Yule kijana alimwambia mama yangu kwenye simu kwamba ikiwa kwenye gesi haina moshi wa sumu, tunaweza kuiweka kwenye kibaraza cha nyuma mlangoni mwa jiko isiibiwe. Mama akaiweka hapo, dirisha la chumba cha watoto liko hatua tatu. Jamani, gesi ikiungua kwenye injini inatoa kaboni monoksidi kama petroli tu. Huioni, huisikii harufu, unalala nayo. Jenereta inakaa nje, mita sita au zaidi kutoka dirisha na mlango, bomba la moshi limeelekea mbali na nyumba. Mtungi nao usiwe shimoni wala stoo, gesi yake ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kusubiri cheche.

Huyohuyo alinipa "zawadi" ya waya wenye plagi ya dume pande zote mbili, nichomeke kwenye soketi nilishe nyumba nzima. Babu aliukata kwa koleo palepale. Umeme wa namna hiyo unarudi hadi kwenye nguzo na kumkuta fundi wa TANESCO kaushika mkononi akijua hauna kitu. Inafungwa chenjiova, swichi inayoitenga nyumba na nguzo jenereta ikiwaka, na anayeifunga awe na leseni ya EWURA.

Nikarudi dukani na Babu. Sauti ya "shikamoo mama" ilikuwa imeisha. Kwanza akasema kVA 12 ni "nguvu ya kuwashia." Babu akamuuliza, ya kuwashia sekunde ngapi? Kimya. Kisha akaniambia nionyeshe ni wapi kwenye risiti pameandikwa kVA 12. Mnaona sasa ile karatasi? Akanipa njia ya tatu, niongeze milioni 1 na laki 2 nichukue mtumba wa Marekani, "hiyo ndiyo mashine mama." Babu akasoma kibati chake: volti 120/240, hezi 60. Ukiifunga kwenye pampu ya kisima ya hezi 50, pampu itazunguka kwa kasi zaidi kwa asilimia 20, na pampu za aina hiyo kwa kasi hiyo hudai nguvu ya zaidi ya mara moja na nusu. Mota inaungua. Ukiipunguza mwendo ifike hezi 50, unapoteza kama sehemu moja ya sita ya nguvu uliyolipia. Tukaondoka.

Nimerudishiwa laki 6 kwa shida, baada ya hapo simu hazipokelewi. Malalamiko nimepeleka Tume ya Ushindani, FCC, nikiwa na picha za stika zote mbili, namba ya injini, video ya pasi na meseji zake. Meseji ndizo zimenisaidia, maana humo aliandika "kVA 12" kwa mkono wake. Kwa hiyo ukiongea nao, ongea kwa maandishi. Na kabla ya kulipa mwambie aandike kwenye risiti ya EFD cc, kilowati za kudumu kwa petroli na kwa gesi, na namba ya injini. Nenda na pasi zako mwenyewe kwenye begi, ziwe nyingi, uzichomeke zote kwa robo saa. Watakucheka. Duka la tatu nililoingia hawakucheka, walileta na soketi ya kuongezea, na hapo ndipo nilipojua kuna wauzaji wa kweli.

Jana mdogo wangu amenitumia ukurasa mpya, jina jipya, namba mpya. Picha ni ileile: jenereta ya njano juu ya vigae vya bluu, ndoo nyekundu nyuma yake. Sasa hivi ni kVA 15.