Fiziotherapia kwa mkimbiaji mwenye kalenda iliyojaa: uzoefu wangu

Nianze na hukumu kwa ajili ya wenye haraka: huduma hii naipa nyota nne kati ya tano. Hizo nne ni za mtaalamu aliyenishughulikia na mpango alionipangia. Ya tano imekwenda na programu yao ya simu na tabia yao ya kuuza vifurushi, mambo ambayo nitayafikia.

Mimi si mwanariadha wa kulipwa. Nakimbia kabla ya kazi, na mwisho wa wiki nakimbia mbali. Kinachonisumbua ni kano ya kisigino, ile ya Achilles, mguu wa kulia. Aliyewahi kuugua hii hahitaji maelezo: ukiamka, hatua za kwanza ni za kuchechemea, mwili ukipata moto inaachia na unakimbia vizuri tu, kesho yake inakudai. Kwenye kalenda nilikuwa na nusu marathoni iliyokaribia, marathoni kamili miezi kadhaa mbele yake, na kwa mbali mbio za kuzidi kilomita 42.195 ambazo nazimezea mate siku nyingi. Wa kunikanda nisingemkosa. Nilimtaka wa kuniambia ni zipi kati ya mbio hizo bado zinawezekana.

Kikao cha kwanza kilikuwa maswali matupu kwa muda mrefu. Unakimbia kilomita ngapi kwa wiki, na zimeongezeka kwa kasi gani? Milima umeanza lini? Umebadilisha viatu? Vipya vina kisigino kifupi kuliko vya zamani? Halafu likaja swali ambalo sikulitarajia: karibuni umetumia antibayotiki gani? Nikauliza hiyo na kukimbia vinahusiana wapi. Akaeleza kwamba kundi la dawa ambamo ciprofloxacin imo linaweza kudhoofisha kano, hasa hii ya kisigino, hata ikakatika, na kwamba mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitaka dawa hizo ziwekewe onyo lake kali kabisa. Sikuwa nimezitumia, lakini kuanzia hapo nilitulia. Huyu alikuwa anajua anachokitafuta.

Baada ya maswali akaja mguuni. Alibinya kano kwa vidole viwili, akipanda polepole kutoka kwenye mfupa wa kisigino, mpaka nikashtuka. Palipouma palikuwa sentimita chache juu ya mfupa, na kumbe mahali penyewe ndipo panapoamua mengi. Ikiuma pale katikati, zoezi la kusimama kwenye ukingo wa ngazi na kushusha kisigino chini ya usawa wake linafaa. Ikiuma pale inaposhikana na mfupa, zoezi hilohilo linaweza kuitonesha, kwa sababu kano inabanwa kwenye mfupa kila kisigino kinapozama. Wa aina hiyo wanaishia usawa wa sakafu. Video nyingi za mtandaoni zinalipita hili kimya, zinakupa zoezi moja kama vile visigino vyote vinaumwa ugonjwa mmoja.

Kisha nikasimama kwa mguu mmoja, ncha za vidole zikigusa ukuta, nikanyanyua kisigino juu na kukishusha hadi nishindwe. Mguu wa kushoto ulikwenda bila taabu. Wa kulia uligoma mapema, na cha ajabu ni kwamba haukugoma kwa maumivu: shavu la mguu liliishiwa nguvu, kisigino kikawa kinainuka nusu tu. Akaandika, akanigeuzia karatasi nione mwenyewe tofauti ya miguu miwili. Ultrasaundi hakuitaka. Alisema kano inaweza kuonekana mbovu kwenye picha na mwenye nayo asisikie kitu, kwa hiyo picha isingebadilisha mpango wake. Nilipenda kwamba hakunipeleka kwenye kipimo ambacho kisingenisaidia, ingawa, kama mtakavyoona, wenzake wa mapokezi hawana nidhamu hiyo.

Mazoezi yalikuwa ya aina mbili za kuchagua. Ya kwanza ni ule utaratibu maarufu wa Håkan Alfredson wa Sweden, uliochapishwa mwaka 1998: kushusha kisigino taratibu, seti 3 za mara 15, goti likiwa limenyooka na tena likiwa limekunjwa, mara mbili kwa siku, kila siku, kwa wiki 12. Ukipiga hesabu ni mara 180 kwa siku. Ya pili ni mazoezi mazito ya polepole, mara 3 kwa wiki, sekunde 3 kupanda na 3 kushuka, uzito ukiongezwa na idadi ikipunguzwa kadiri wiki zinavyokwenda. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2015 ulizilinganisha ukakuta zote mbili zinasaidia, ila waliofanya yale mazito waliridhika zaidi wiki 12 zilipoisha. Kwa mtu mwenye kazi, uamuzi ulikuwa mwepesi. Nilichagua yale mazito, ya jimu.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa niache kukimbia kabisa. Badala yake nilipewa namba. Maumivu yanapimwa kutoka 0 hadi 10. Wakati wa zoezi au mbio yanaruhusiwa kufika 5, mradi asubuhi inayofuata yawe yamerudi yalipokuwa, na wiki kwa wiki yasipande. Kanuni hii ilijaribiwa Sweden na Karin Silbernagel na wenzake, wakachapisha mwaka 2007: wagonjwa walioruhusiwa kuendelea kukimbia na kuruka ndani ya mipaka hiyo, huku wakifanya mazoezi ya kano, hawakupona vibaya kuliko waliopumzishwa mwanzoni. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kuvaa ndala, nashika ukuta, nanyanyua visigino polepole, naandika namba. Ikiwa 2, ratiba inaendelea. Ikiruka hadi 4 wakati juzi ilikuwa 2, mbio za leo zinafutwa, naenda kwenye baiskeli. Hakuna kubishana na nafsi. Wakimbiaji mnajua ni saa ngapi tunapoteza tukijiuliza “hivi hii ni ya kawaida au imerudi?”

Ile kalenda niliyokwenda nayo aliitandaza mezani na tukaipitia mbio moja moja. Nusu marathoni aliifuta bila kupepesa macho. Nikamwomba tarehe ya kurudi kwenye mbio ndefu, akakataa. “Kano haisomi kalenda,” alisema, akaniandikia masharti: kutembea kwa kasi nusu saa bila asubuhi kuharibika, kunyanyua kisigino cha kulia idadi inayokaribia ya kushoto, kuruka kwa mguu mmoja mahali pamoja maumivu yakiwa chini. Nikitimiza, naanza kukimbia dakika chache na kutembea dakika chache, kwenye tambarare. Milima baadaye. Kasi mwisho kabisa, kwa sababu ndiyo inayoivuta kano kuliko umbali. Marathoni aliiacha kwenye kalenda kwa penseli, pamoja na mstari wa kukata shauri: ikifika wakati fulani kabla ya mbio na bado sijamudu mbio ndefu ya mazoezi bila kudaiwa asubuhi, naahirisha. Mbio nyingine zinaruhusu kuhamishia namba yako ya ushiriki mwaka unaofuata na nyingine ada inaliwa, hivyo masharti hayo ni ya kusoma kabla ya kulipa, mguu ukiwa bado mzima.

Kasoro zipo. Programu ya simu ina video nzuri lakini inasahau namba ulizoandika kila inaposasishwa. Mimi nimehamia daftari. Halafu mtaalamu wangu alipokwenda likizo nilipewa mwingine ambaye hakuwa amesoma faili. Akaniambia ninyooshe shavu la mguu kwa nguvu mara kadhaa kwa siku na niache uzito kwanza, yaani kinyume kabisa cha mpango. Niliporudi kwa wa awali alirekebisha kwa upole, bila kumsema mwenzake, ila kliniki inayojitangaza kuwa ya wanariadha isingepaswa kuniachia mimi kazi ya kupatanisha wataalamu wake. Na mapokezi! Kila nikilipia kikao naulizwa kama nataka kifurushi cha mashine ya mawimbi ya mshtuko, ile inayopiga mapigo ya sauti kwenye kano kupitia ngozi. Tiba hiyo ina ushahidi wake kwa baadhi ya watu, hasa ikiunganishwa na mazoezi, lakini wa kuipendekeza ni aliyenishika mguu. Karani hahusiki.

Upande wa kulinda pumzi nisipokimbia walikuwa wachache wa maneno: “endesha baiskeli, ogelea.” Basi. Nilijitafutia mwenyewe kukimbia ndani ya maji ya kina, kiunoni nimefunga mkanda wa kuelea, miguu haigusi chini. Inachosha akili kwa sababu unakwenda na hufiki, lakini mapigo ya moyo yanapanda na kisigino hakigongwi. Nilitarajia maelekezo ya jambo hili yatoke kwao.

Kuhusu barafu na vidonge walikuwa wakweli. Gabe Mirkin, daktari aliyebuni ule utaratibu wa mapumziko na barafu mwaka 1978, mwenyewe alibadili msimamo baadaye akaandika kwamba barafu inaweza kuchelewesha kupona. Kwangu ilibaki kitu cha kutuliza usiku mbaya. Vidonge kama ibuprofen nilikatazwa waziwazi kuvimeza kabla au katikati ya mbio ndefu, kwa sababu ya figo na tumbo, na kwa sababu vinaficha namba ya asubuhi.

Hali yangu leo: nakimbia tambarare bila kusimama, namba ya asubuhi imekuwa 1 au 0 kwa muda, na marathoni bado iko kwa penseli. Zile ndefu zaidi nimezisogeza mwaka mwingine kabisa, kwa hiari yangu. Kama unatafuta kukandwa na kutoka umelegea, utaona hapa wanakutoza kwa maswali. Kama una mbio unazozitaka na mguu unaokukatalia, nenda, ila kabla ya kuweka miadi uliza mambo mawili: je, utakuwa na mtaalamu yuleyule mwanzo hadi mwisho, na je, ana jimu au anajua unayotumia wewe. Daftari nunua mwenyewe.