Vitabu vya Aya: Ununue Kipi Kwanza?

Mtu akiniomba kitabu cha katuni cha mtu mzima, siku hizi namtajia tu Aya, mfululizo wa katuni kuhusu msichana wa jina hilo. Mwanzoni nilikuwa mgumu. Nilifungua nikaona wasichana watatu, wavulana na muziki wa dansi, nikasema huu ni umbea wa mtaani, na bei yenyewe imechangamka. Kilichonigeuza ni soko la usiku. Ni mwaka 1978 huko Yopougon (au Yop City), mtaa wa Abidjan nchini Côte d'Ivoire. Wauzaji wakishaondoka, vijana wanakutana kwenye meza tupu za sokoni, mahali wanapopaita Hoteli ya Nyota Elfu. Mchoraji, Clément Oubrerie, amepaka usiku ule rangi hadi unausikia joto lake. Halafu mimba inaingia, wazazi wanaitana, na ule umbea unageuka kuwa hesabu ya nani atalipa nini. Mwandishi, Marguerite Abouet, alizaliwa Abidjan, na watu wake wanagombana kama majirani wa kweli.

Namba moja, bila kusitasita: "Aya: Life in Yop City", toleo la Kiingereza la wachapishaji Drawn & Quarterly la 2012, lenye juzuu tatu za kwanza pamoja. Usinunue juzuu ya kwanza peke yake hata ukiiona kwa bei nafuu. Inaishia pale mambo yanapoanza kunoga, na ndiyo maana wengi huishia hapo wakidhani hakuna kitu. Ukipata la mitumba, kagua kurasa za mwisho zisiwe zimenyofolewa: kuna namna ya kufunga kitenge, mchuzi wa karanga na juisi ya tangawizi. Mchuzi huo upike, haukuangushi.

Namba mbili ni "Aya: Love in Yop City", lenye juzuu ya nne hadi ya sita. Angalia jalada vizuri, kwa sababu majina yanafanana na wauzaji huyachanganya. Hapa Aya yuko chuo kikuu akikabiliana na mhadhiri anayetaka rushwa ya ngono, na Innocent, msusi, anahamia Paris. Mimi naliona zito kuliko la kwanza, lakini ukianza nalo utapotea.

Kwa msomaji wa Bujumbura, Goma au yeyote anayesoma Kifaransa bila shida, mpangilio wangu unageuka: chukua matoleo ya Kifaransa ya wachapishaji Gallimard. Kifaransa cha Abidjan kina utani ambao Kiingereza kinaubeba nusu tu. Juzuu ya kwanza ilitoka 2005 na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya kitabu cha kwanza kwenye tamasha la katuni la Angoulême, Ufaransa.

"Claws Come Out" ni ya mwisho kununuliwa. Ni tafsiri ya juzuu ya saba, iliyotoka Ufaransa 2022 baada ya ukimya wa miaka 12, nayo inadai uwe unawajua wahusika wote.

Toleo la kielektroniki lisome kwenye tableti. Kwenye simu maandishi ni madogo mno, na ukikuza unapoteza nyuso za watu walio pembeni, ambako ndiko vichekesho vingi vimejificha.

Nyumbani kuna watoto wa shule ya msingi? Wanunulie Akissi, ya Abouet huyohuyo, michoro ya Mathieu Sapin. Aya mwachie hadi wakue.