Mahamri na mbaazi za Malindi, nendeni mapema

Jamani mimi na mume wangu tumetoka Limuru na gari mwezi wa saba, ile baridi ya ukungu, masweta mawili mawili, tukalala Mombasa halafu tukaunga kilomita 120 hivi kupitia Mtwapa na Kilifi mpaka Malindi kumuona shoga yangu. Huku nako kusi limeshika, upepo na manyunyu, basi asubuhi shoga akasema leo sipiki, twendeni kwa mama mmoja mji wa kale, kibanda tu hata jina hakina.

Wallahi ile chai ya tangawizi! Mahamri yanatoka kwa mafuta saa hiyo hiyo, ukipasua tu iliki inakupiga puani, na mbaazi zimepikwa na tui zito sio zile za majimaji. Mume wangu alikula sita. Viazi karai sawa tu, vilikuwa vimepoa. Viti vichache sana, tulisimama kama robo saa mvua inatupata, aweke turubai jamani. Lakini mama ana roho nzuri, alituongezea mbaazi bila kuombwa, "karibuni wanangu, mbona mwatetemeka?" Fikeni kabla ya saa tatu, zikiisha zimeisha.