EVE Online kwa mchimbaji wa Pemba: peke yangu, kisha na wenzangu

Huu ni mwezi wa kumi na sita nacheza EVE Online, mchezo wa kompyuta wa vyombo vya angani, na tangu siku ya kwanza kazi yangu humo ni moja tu, kuchimba miamba. Ukitafuta habari za mchezo huu utakutana na vita vya maelfu ya vyombo. Mimi vita sivijui. Ninachokijua ni kukaa kwenye ukanda wa miamba usiku, leza mbili zinawaka, ngama, yaani tumbo la chombo la kuwekea mzigo, inajaa taratibu, nami napumzisha kichwa baada ya kutwa nzima dukani nikitoa fotokopi za vyeti vya kuzaliwa na fomu za skuli hapa Wete. Anayetaka kujua kama mchezo unamfaa mpiganaji amuulize mwengine.

Kwa asiyeujua: ulitoka Mei 2003, unatengenezwa na CCP ya Iceland, na wachezaji wa karibu dunia nzima wamo katika anga moja, hawakugawanywa kila nchi na lake. Mtambo wake (seva) uko London. Tangu Novemba 2016 unaweza kuanza bila kulipa. Aliyelipia hufungua vyombo vikubwa na mafunzo zaidi, na mwezi mmoja ukiulipia peke yake ni dola 19.99, kiasi cha shilingi elfu hamsini na kitu kwa fedha yetu. Kiswahili hakimo, mimi nacheza kwa Kiingereza. Kuupakua mara ya kwanza kulinichukua usiku mitatu. Baada ya hapo bando haliliwi sana, maana uchimbaji hautumi picha huku na huko kama video. Kinachomaliza bando ni siku ya masasisho.

Mchimbaji mpya anaanza na chombo kinachoitwa Venture. Ukimaliza kazi za mafunzo ya uchimbaji unakabidhiwa kimoja bure. Ni kidogo, chepesi, na ngama yake inachukua mita za ujazo 5,000. Mimi nakipenda mpaka leo. Leza zake za mwanzo zinafanya kazi kwa mizunguko ya dakika moja moja: unaufunga mwamba, unawasha, dakika ikitimia mawe yanaingia ndani. Mwamba wa kawaida kabisa ni Veldspar, nao hutoa Tritanium, madini ambayo karibu kila chombo humo kinayahitaji. Kwa hiyo hata mchimbaji wa chini kabisa hakosi mnunuzi.

Peke yangu nilijifunza jambo ambalo watu wengi wa vikundini hawalijui. Mwamba ukikauka katikati ya mzunguko, leza inaendelea kuwaka mpaka dakika iishe, huku haichimbi kitu. Lakini ukiizima wewe mwenyewe kabla ya wakati, unapewa kile ilichokwisha kukata. Basi mwenye kifaa cha kupima miamba anajua huu umebakisha kiasi gani, anazima leza pale pale, anahamia wa pili. Nilipoanza kufanya hivyo, ngama iliyokuwa ikinichukua zaidi ya nusu saa nikawa naijaza mapema. Ni kazi ya jicho, na mimi ilinipa raha ya aina yake, kama raha ya kusuka ukili ukaona ncha zimekaa sawa.

Sasa la umeme, ambalo najua ndilo swali la kwanza la mtu wa huku. Umeme ukikatika au mtandao ukianguka, chombo chako hakibaki pale kikisubiri kuibiwa. Mchezo ukiona umetoweka, wenyewe unakirusha mbali, kilomita milioni moja kutoka ulipokuwa, na baada ya dakika kama moja kinatoweka angani, maadamu hakuna aliyekinasa wala hukuwa vitani. Ukirudi unajikuta pale pale ulipokuwa ukichimba, na mawe yako ndani. Mimi limenitokea mara nyingi mno, na sijapoteza hata chombo kimoja kwa ajili ya umeme. Kwa mtu wa Pemba hii si habari ndogo. Kuna michezo mingine niliyoiacha kwa sababu kila kiza kikiingia nilikuwa nafungiwa au nahesabiwa kuwa nimekimbia.

Jambo la pili ni saa. Saa ya mchezo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu: ikiandika 18:00, huku ni saa tatu usiku, watu wameshatoka msikitini na duka limeshafungwa. Na kila siku, ikifika saa nane mchana ya kwetu, mtambo unazimwa kwa muda mfupi. Ukirudi hewani, mikanda ya miamba iliyokuwa imechimbwa imejaa upya. Siku za kazi nafuu hiyo siipati. Ijumaa naipata. Nikitoka kuswali na nikisha kula, nafungua laptopu nakuta ukanda mzima haujaguswa na mtu, miamba minene imekaa kwa nusu duara. Huo ndio wakati wangu bora wa kuchimba peke yangu, na sijali kama kuna njia za kupata zaidi.

Maana njia za kupata zaidi zipo, na peke yako unaziona tu. Miezi mitatu ya kwanza nilitengeneza ISK, fedha ya humo mchezoni, za kutosha kununua Venture nyengine na vifaa vyake, si zaidi. Ndipo binamu yangu aliyeko Unguja, Mwanakwerekwe, alinipigia. “Yakhe, unachimba kama mtu aliyepotea baharini,” akaniambia. “Njoo kwenye kikundi, tuna Orca.” Nikalipia mwezi, nikajifunza kurusha Retriever, chombo cha kuchimbia chenye ngama kubwa, nikajiunga.

Usiku wa kwanza niliufurahia kwelikweli. Orca ni chombo kikubwa kinachokaa katikati ya wachimbaji. Kinatoa mawimbi yanayofupisha mizunguko ya leza zenu na kuzifanya zifike mbali zaidi. Wachimbaji mnashusha mawe ndani yake bila kurudi stesheni, na kinayashindilia yachukue nafasi ndogo. Tulikuwa watu tisa, na ukanda ambao peke yangu ningeumaliza kwa wiki tuliufyeka kabla ya saa sita usiku. Watu wanazungumza, mmoja yuko Poland, mwengine Brazil, mmoja anatuambia anachemsha viazi. Sikuwa nimejua kwamba kazi ile ile ya kimya inaweza kuwa na gumzo la barazani.

Shida ilikuwa mgao.

Mimi nimekulia kwenye karafuu. Msimu wa mchumo mama alikuwa akituchukua kwenda kuchuma upande wa Mtambwe, na mchumaji hulipwa kwa pishi. Jioni karafuu zimeshachambuliwa, makonyo yamewekwa kando, mpimaji anakaa na kopo lake. Mama hakuwa mtu wa kugombana juu ya bei ya pishi, hiyo ilikuwa inajulikana tangu asubuhi. Alikuwa anasimama juu ya mpimaji na kuutazama mkono. Pishi inaweza kukatwa sawasawa na mdomo wa kopo, inaweza kufanywa kichungu kinachopita mdomo, na inaweza kutingishwa mara mbili tatu karafuu zikajipanga, ikala na za juu. Ni kopo moja, lakini ni malipo matatu tofauti. Mama alikuwa akisema, “Baba, usitingishe,” na hakuwa akiondoka mpaka ya mwisho imepimwa.

Kwenye kikundi kile, mawe yote yalikuwa yakiingia katika Orca, yanakuwa lundo moja, na mwisho wa wiki kiongozi anayauza na kugawa. Alikuwa akitaja makato, lakini makato ya nini na kwa bei ipi ya siku ipi, hakutaja. Mchezo wenyewe unamwekea kila mchimbaji daftari, linaandika siku, aina ya mwamba na kiasi ulichochimba. Wiki ya tatu nikalifungua. Nikakaa na kalamu na karatasi za dukani nikapiga hesabu kwa bei za Jita, lile soko kubwa kuliko yote humo. Nilichopewa hakikufika nusu. Nikamuuliza kiongozi kwa adabu, kwa ujumbe wa faragha. Akanijibu kwamba kikundi kinakwenda kwa kuaminiana. Nikamwambia nakubali, na ndiyo maana naomba nioneshwe hesabu. Hakujibu tena. Binamu aliniomba nivumilie, akasema watu ni wazuri, na kweli walikuwa wazuri. Lakini mtu akikataa kukuonesha mdomo wa pishi, uzuri wa gumzo hauzibi hapo.

Kabla sijaondoka likatokea la pili. Tulikuwa tunachimba kwenye mfumo wa nyota wenye usalama wa 0.5, kwa kipimo kinachofika 1.0, nao unahesabiwa ni mahali pa amani. Wengi wetu tulidhani wingi wetu ndiyo kinga. Kumbe polisi wa humo, CONCORD, hawazuii shambulio, wanamwadhibu aliyeshambulia, na kwenye 0.5 wanachelewa kuliko kwenye 1.0. Wakaja watu na Catalyst kadhaa, vyombo vya bei rahisi vyenye bunduki nyingi, wakaniangukia mimi. Retriever yangu ilikwisha kabla hata sijainua mkono kutoka kwenye kikombe. Polisi walipofika wakawaangamiza wote, lakini wale walikuwa wameshahesabu hasara yao tangu walikotoka. Chombo changu cha mwezi mzima kikawa vipande. Nilifunga laptopu nikaenda kukaa nje.

Nilichokitoa hapo ni hiki. Ukichimba peke yako kwenye kona ya mbali, mwindaji hana haja na wewe. Msafara wa vyombo vinene uliokaa mahali pamoja saa nne nzima ndio unaomwita. Kundi ni kinga pale tu ambapo kuna mtu aliyepewa kazi ya kutazama nani anaingia kwenye mfumo, na wote wameelekeza vyombo vyao upande wa kutokea. Sisi tisa hatukuwa na hata mmoja wa kutazama. Na tangu siku hiyo nikiwa na wenzangu napanda Procurer. Ngama yake ni ndogo kuliko ya Retriever, lakini ngozi yake ni ngumu, na Catalyst chache hazitoshi kukiangusha haraka.

Nikarudi kwenye Venture kwa miezi miwili. Kikundi cha pili nilikiingia kwa kuuliza kwanza: mnagawaje? Mwanamke anayekiongoza aliniandikia mistari minne, nikaelewa yote. Wao wanachimba mwezi, huu wa angani. Tangu Oktoba 2017 mchezo una mitambo inayokaa karibu na mwezi na kuvuta kipande chake angani. Kuvuta huko kunachukua siku kadhaa, si chini ya sita. Kipande kikifika kinapasuliwa, kinakuwa uwanja wa miamba, wachimbaji wanaingia. Kila mtu anabaki na mawe yake mwenyewe. Na kwa kuwa mtambo unaandika nani amechimba nini katika mwezi ule, kiongozi anakata kodi kwa daftari hilo, si kwa makisio. Bei anayotumia anaiweka wazi siku ile ile kipande kinapopasuka. Asiyetaka kusafirisha mawe yake mpaka sokoni anamuuzia kikundi kwa bei hiyo hiyo iliyopungua kidogo, na malipo anayapata usiku ule ule.

Wiki ya kwanza nilipiga hesabu zangu kama kawaida. Zilikaa sawa na zake mpaka tarakimu ya mwisho. Nilimwandikia kumshukuru. Akanijibu kwamba si wengi wanaofungua daftari, na akaniomba nimsaidie kulisoma kila kipande kipya. Kazi hiyo ndiyo yangu sasa. Nimeitengenezea jedwali kwenye kompyuta ya dukani, kila aina ya mwamba wa mwezini na safu yake, Sylvite yake, Coesite yake, na watu kutoka nchi nisizozijua wananiuliza kodi yao, nami nawajibu na mstari wa daftari mkononi.

Kwa hiyo mtu wa huku akiniuliza, namwambia aanze na Venture na akae nayo peke yake angalau miezi miwili, bila kulipa chochote. Umeme wetu unaivumilia kazi hiyo, na atajua mwamba ni nini kabla hajaambiwa na mtu. Asilipie mwezi kwa ajili ya kuchimba peke yake, ile elfu hamsini hairudi. Alipie akishapata kikundi, na kabla ya kuingia aulize swali la mgao kwa maandishi. Wakimwambia atajionea mwenyewe, aendelee kutafuta. Mchezo wenyewe naupa nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu ya lugha: mdogo wangu wa miaka kumi na saba ana akili ya kazi hii kunishinda, lakini maelezo ya Kiingereza yanamkatisha njiani, inabidi nikae pembeni yake nimtafsirie.

Kipande kijacho kinafika Ijumaa saa mbili na nusu usiku. Nimeshanunua Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, ya wiki nzima, betri ya laptopu imejaa, na mdogo wangu nimemwambia avute kiti. Atachimba yeye, mimi nitakuwa na daftari.